Kilichonishinda si ł, ni d: nilivyojifunza konsonanti za Kinavajo

Nikisema najifunza Kinavajo (hiyo j isomwe h, "Navaho"), Watanzania wenzangu huniuliza mambo mawili. Ni ile lugha ya siri ya vitani? Na itakusaidia nini? La vita nitaligusa mbele. La pili jibu lake ni kazi yangu. Nahudumia wazee katika makao ya wazee kaskazini-magharibi mwa New Mexico, karibu na mpaka wa Taifa la Wanavajo, eneo lenye zaidi ya kilomita za mraba 70,000 lililoenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Wanaoizungumza lugha hiyo bado wanazidi 150,000, na hakuna lugha nyingine ya wenyeji kaskazini mwa Mexico yenye wasemaji wengi kama hao. Wazee wetu wengi Kiingereza wanakijua, tena wamefunzwa kwa viboko. Lakini usiku wa manane, maumivu yakizidi au kumbukumbu ikianza kupotea, Kiingereza ndicho kinachotangulia kuondoka. Mzee akisema "tó" anataka maji. Akisema "neezgai" kuna mahali panamuuma. Ukingoja mfanyakazi Mnavajo aje akutafsirie, mgonjwa anabaki na kiu yake.

Basi nikaamua kujifunza. Naandika haya kwa Mswahili mwingine atakayejikuta huku, au kule Kanada na Alaska ambako lugha za ukoo huuhuu zimejaa, ili asipoteze fedha na muda pale nilipopoteza mimi.

Kwanza kuhusu ukoo wenyewe. Wataalamu wanauita Kiathabaska, jina lililotokana na Ziwa Athabasca la Kanada, na neno lenyewe ni la Wakree, watu wa lugha nyingine kabisa. Albert Gallatin, mtafiti wa lugha wa Marekani, ndiye aliyewabandika jina hilo mwaka 1836. Wenyewe wengi wanapendelea Dene au Diné, yaani watu. Wamesambaa makundi matatu: kaskazini kuanzia Alaska hadi ndani ya Kanada, kipande kidogo cha pwani ya Pasifiki huko California na Oregon, na kusini huku kwa Wanavajo na Waapache. Kinachowaunganisha, ukiacha vitenzi vyao vyenye viambishi vingi kuliko hata vyetu, ni konsonanti. Kinavajo kina konsonanti zaidi ya 30, na irabu nne tu: a, e, i, o.

Nikaingia kozi ya jioni nikiwa na kiburi kidogo, na kiburi hicho kilikuwa na msingi. Nimekulia Karatu. Wazazi wangu walihamia pale kikazi, nyumbani tulisema Kiswahili tu, lakini majirani, wanafunzi wenzangu, mama wa gengeni, wote walikuwa Wairaqw, ambao wengi mmezoea kuwaita Wambulu. Kiiraqw kina sauti inayoandikwa "sl", kama katika slee, yaani ng'ombe. Mtanzania yeyote ameiona hata kama hajawahi kuisikia vizuri: ndiyo inayoanza jina la Dk. Slaa, aliyekuwa mbunge wa Karatu na mgombea urais mwaka 2010. Nchi nzima tulimwita kwa s na l za kawaida, au tukachomeka i katikati ili ulimi upumzike. Kwa Wairaqw ile ni sauti moja, si mbili. Ulimi unakaa pale pa l ya "lala", nyuzi za sauti zinanyamaza, hewa inapita pembeni mwa ulimi kwa mkwaruzo. Ni kitambaza kisicho ghuna.

Kwa Kinavajo sauti hiyo huandikwa ł. Farasi ni łį́į́ʼ, samaki ni łóóʼ, kitu chekundu łichííʼ, cha njano łitso. Darasani Wamarekani walihangaika nayo wiki baada ya wiki. Huyu akitoa "shl", yule "thl". Mimi niliitamka siku ya kwanza, na mwalimu akageuka kunitazama. Hata tłʼ, ambayo ni t na ł zikifyatuliwa pamoja huku koo limefungwa, kama katika tłʼízí (mbuzi) na tłʼiish (nyoka), haikunisumbua, kwa sababu Kiiraqw nacho kinayo na wenyewe wanaiandika "tl" tu. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiwaigiza wenzetu Wairaqw kwa sauti hizi ili kuwacheka. Leo ndizo zilizonipa alama.

Ya gh ya hooghan, yaani nyumba, sitaieleza hata kidogo. Ukiweza kusema "ghali" na "lugha" bila kuigeuza g, umemaliza.

Kumbe mtego ulikuwa umetegwa kwenye herufi ambazo sikuzitilia shaka hata mara moja. Nilikuwa nikimuuliza mzee mmoja kama anataka maji, "Tó?", naye ananikodolea macho. Nikirudia kwa sauti kubwa zaidi, anageukia dirisha. Mfanyakazi mwenzangu, Mnavajo aliyenizidi umri na ambaye nilikuwa nimeshaanza kumwita shádí, yaani dada yangu mkubwa, akaniambia: "Mbona unasema dó?" Nikamwambia nasema tó. Akasema, "Ndiyo, umesema tena, dó." Tulibishana pale kama watoto. Mimi nilikuwa na hakika na ulimi wangu, na yeye alikuwa na hakika na masikio yake, na wote wawili tulikuwa sahihi.

Mambo yako hivi. Sisi Waswahili tunazitenga t na d kwa mtetemo wa koo: t ni sighuna, d ni ghuna. Tena d, b na g zetu, hasa kwa mtu wa Pwani, zinavuta hewa ndani kidogo zikitamkwa. Kinavajo hakijali mtetemo huo. Kina vipasuo (sauti za kubana hewa na kuiachia ghafla) vitatu vya mahali pale pa t, vinavyoandikwa d, t na tʼ, na vyote vitatu ni sighuna. Kinachovitofautisha ni kinachotokea baada ya ulimi kuachia. Kwenye d ulimi unaachia na irabu inafuata palepale. Kwenye t inatoka pumzi nzito yenye mkwaruzo, ndipo irabu ianze. Kwenye tʼ koo limefungwa kabisa, na sauti inafyatuka bila pumzi ya mapafu. Sasa jiulize t ya "taa" yetu ni ipi kati ya hizo. Haina pumzi nzito, haifyatuki. Ni d yao! Vilevile k ya "kaka" ni g yao, na p ya "papa" ni b yao. Na d yetu ya "dada" haipo kwao kabisa. Nilipoisoma dibé (kondoo) kwa d na b za Karatu, shádí alidhani nina mafua.

Sikuamini mpaka nilipotazama maneno waliyoyachukua kwa Wahispania. Kihispania, kama Kiswahili, hakina pumzi kwenye p, t na k. Peso ya Kihispania kwa Kinavajo ni béeso, fedha. Café ni gohwééh, kwa g mwanzoni, na kwa kuwa hawana f wakaweka hw. (Ndiyo, gohwééh na kahawa ni ndugu wa mbali, wote asili yao ni qahwa ya Kiarabu, moja imezunguka kwa Waturuki na Ulaya, nyingine imevuka bahari kuja kwetu.) Mantequilla, siagi, ikawa mandagíiya, t imegeuka d na k imegeuka g katika neno hilohilo moja. Masikio ya Wanavajo yalishaamua zamani sana t na k za namna yangu zinaangukia wapi. Laiti kozi ingeanza na orodha hiyo, ningeokoa miezi. Lakini kozi ile imetungwa kwa ajili ya wasema Kiingereza, ambao t yao ina pumzi tayari, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kulieleza jambo hilo. Kitabu cha lugha kinamwangalia mwanafunzi fulani usoni, na mara nyingi mwanafunzi huyo si wewe.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuacha kutazama herufi na kuanza kutazama kiganja. Weka kiganja mbele ya mdomo, useme tó. Usiposikia upepo, umesema d. Na upepo wa Kiingereza hautoshi. Wanafonetiki waliopima k ya Kinavajo waliona pumzi yake inadumu zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla irabu haijaanza kutetema, muda mrefu kuliko wa lugha nyingi. Tena pumzi hiyo inakwaruza. Njia iliyonifikisha ni kutamka t, kisha kuishikiza ile kh ya wazee wa Pwani wanaposema "Sheikh", ndipo o ifuate. Mwanzoni inachekesha. Ukiharakisha inakaa sawa.

Mtu wa Mombasa hapa ana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Rafiki yangu mmoja wa huko, anayeishi Phoenix, nilimpigia simu nikamwomba aseme "tembo" la kunywa na "tembo" wa porini. Akasema, na nikasikia tofauti ambayo shuleni Karatu hatukuwahi kuambiwa ipo: tembo mnyama ana pumzi kwenye t, tembo pombe haina. Hali kadhalika paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa baharini. Maandishi yetu ya Kiswahili sanifu yameificha tofauti hiyo, lakini Kimvita bado kinayo. Kama bibi yako ni wa Mombasa au Lamu, mrudie yeye kwanza kabla ya kulipa ada popote.

Baada ya d na t kukaa, safu nyingine zote zilifunguka, kwa kuwa mpangilio ni uleule: g, k, kʼ, dz, ts, tsʼ, j, ch, chʼ, dl, tł, tłʼ. Ya kwanza kavu, ya pili yenye pumzi, ya tatu imefyatuliwa. Za kufyatua msiziogope. Funga koo kana kwamba unasema "a'a" ya kukataa na umeishia katikati, ukiwa umefunga hivyo tamka k: inatoka kavu na kali kama kizibo cha soda. Ile alama ya ʼ ni herufi kamili, si pambo la kuandika. Tsin ni mti au ubao; tsʼin ni mfupa. Katika kazi kama yangu, ya mtu kuanguka kitandani, hutaki kuzichanganya hizo mbili. Kwenye simu watu huandika bila alama yoyote na wanaelewana. Wewe mgeni usiwaige mapema.

Fedha. Nililipia programu ya simu kwa mwaka mzima, nikaiacha kabla mwaka haujaisha nusu. Sauti zake ni nzuri, zimerekodiwa na wenyewe, lakini programu haina masikio. Nilisema dó kwa miezi na ikanipa nyota. Kozi ya jioni ilimeza karibu mshahara wa wiki mbili pamoja na vitabu, na mafuta ya gari juu yake, maana umbali wa huku si wa kutembea. Ilinipa sarufi na marafiki, matamshi kidogo. Kilicholeta faida kuliko vyote ni mwalimu mstaafu aliyekubali kunifundisha kwake sebuleni. Nilimlipa kwa saa, na sikwenda mikono mitupu: unga wa ngano, kahawa, viazi. Hilo hakuna aliyeniambia, nililifanya kwa sababu ndivyo ningefanya nikienda kwa mwalimu nyumbani, na ndilo lililomfanya anipokee.

Alianza kwa kuniuliza ukoo. Kwao mtu hujitambulisha kwa koo nne, ya mama ikitangulia, halafu ya baba, kisha za babu wawili. Mzungu mwenzangu darasani alilichukulia kama zoezi la msamiati. Mimi nilikuwa na la kusema.

Jambo lililonisononesha lilikuwa daftari. Miezi ya mwanzo nilikuwa natembea nalo mfukoni mwa sare, nikiwauliza wazee maneno: hiki mnakiitaje, sema tena, taratibu. Nilidhani nawaheshimu. Bibi mmoja aliyekuwa akinisemesha vizuri, tangu aone kalamu akaanza kunijibu kwa Kiingereza chake kidogo, na mwisho akanyamaza kabisa. Binti yake ndiye aliyenieleza kwamba mama yake, kama watoto wengi wa kizazi chake, alichukuliwa kwenda shule ya bweni ya serikali na kutiwa sabuni mdomoni kwa kusema lugha hiihii. Sasa ameletwa mahali pengine penye sare na ratiba, na mgeni anasimama juu ya kitanda chake akimwamuru aseme neno tena. Nililichoma daftari? Hapana, nililiacha nyumbani. Ilichukua muda mrefu mpaka bibi yule akaniambia tena jambo kwa lugha yake, na lilikuwa la kulalamikia chakula. Mgonjwa si mwalimu wako. Mwalimu mlipe, mgonjwa mhudumie, na kama neno litakudondokea ukiwa kazini, liokote kimya kimya. Kurekodi sauti ndiyo usifikirie kabisa. Hata watafiti wanalazimika kuomba kibali cha Taifa lenyewe.

Na hadithi zina majira yake. Mwezi wa Juni nilimwomba mwalimu anisimulie zile za Mbweha ili nizoeze masikio. Akakataa: ni za wakati wa baridi, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Akanipa badala yake redio, KTNN ya Window Rock, masafa ya AM 660. Matangazo ya minada ya ng'ombe, vifo na mechi za kikapu ni somo zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu maneno yaleyale yanarudi kila siku.

Mambo mawili ya konsonanti yalinifurahisha kuliko mengine. Moja ni kwamba ł si sauti tu, inafanya kazi ndani ya kitenzi. Yibéézh ni kinachemka. Yiłbéézh ni anakichemsha. Ł moja imefanya kazi ya -sha yetu. Tangu hapo nikiisikia katikati ya kitenzi natafuta nani anamfanyia nani. La pili ni kwamba s na sh hazipendi kukaa pamoja katika neno moja. "Yangu" ni shi-, kama shimá, mama yangu, lakini mdomo wangu ni sizééʼ, sh imejigeuza kufuata z iliyo mbele yake. Wengine huiacha shi- ilivyo, kwa hiyo usishangae ukisikia zote mbili kwa watu wa nyumba moja.

La vita sasa. Ni kweli, mwaka 1942 kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani kiliandikisha vijana 29 Wanavajo waliotunga msimbo, na wengine mamia wakafuata. Siri ikafunguliwa mwaka 1968. Lakini msimbo ule haukuwa Kinavajo cha kawaida. Guruneti waliiita nímasii, viazi. Askari Mnavajo aliyetekwa na Wajapani na kuteswa ili autafsiri alisikia viazi na wanyama tu, asipate maana. Wazee wa makao yetu hawapendi sana kila mgeni aanzie hapo, na mimi nimejifunza kungoja wao walitaje.

Bado sijafika. J na chʼ nazichanganya nikiwa nimechoka, na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, zinanipotea kwenye maneno marefu. Ila maji nayapeleka yakiombwa.

Kwa ndugu walioko Kanada: Watsuutʼina wa ukoo huuhuu wako pembezoni mwa Calgary kabisa, na Dene Sųłiné inasemwa Alberta, Saskatchewan, Manitoba na maeneo ya Kaskazini-Magharibi. Fang-Kuei Li, Mchina aliyekuja Marekani kusoma akawa mwanafunzi wa mtaalamu wa lugha Edward Sapir, alikwenda Fort Chipewyan mwaka 1928 kuirekodi, naye pia hakuwa mtoto wa Kiingereza. Huko jiwe, ambalo kwa Wanavajo ni tsé, ni tthe, na kwa Watłı̨chǫ, Wadene wengine wa huko Kanada, ni kwe; sauti ya neno moja imegeuka kila ilipohamia. Sisi tuliolelewa na thelathini na dhambi tutajikuta nyumbani upesi kuliko Mfaransa au Mchina. Lile ziwa kubwa la Great Slave wao wanaliita Tu Nedhé, maji makubwa. Dh ya Nedhé ni ileile ya "dhahabu", mtaipata bure. Itakayowatoa jasho ni t ya Tu.